Kwa Nini SmackDown ya Zamani Haiuzwi Tena: Kisa cha Kampuni ya THQ

Karibu kila wiki mteja huingia dukani kwetu hapa Tanga akiulizia gemu ya mieleka ya SmackDown, ile ya zamani, ili aicheze kwenye PS4 au PS5. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja na kasha la Here Comes the Pain, moja ya gemu za SmackDown, alilolifunga kwenye kipande cha kanga, akatueleza kwamba aliitafuta gemu hiyo katika duka la mtandaoni la PlayStation kwa siku tatu bila kuiona, na mwishowe akamtumia pesa muuzaji mmoja aliyemwahidi toleo la PS4. Alicholetewa kilikuwa CD ya kuchoma ambayo mashine yake haikuitambua kabisa. Tumeona ni haki yenu wateja wetu kuelezwa jambo hili kwa kirefu, kwa sababu chanzo chake ni maisha na kifo cha kampuni iliyoitoa gemu hiyo, wala si ubovu wa mashine zenu.

Kasha lile tuliligeuza pamoja na mzee yule. Nyuma yake, chini ya picha, pana maandishi madogo ambayo wachezaji wengi hatukuwahi kuyasoma, na humo yanatajwa majina ambayo kila moja lina haki yake. Yuke's ni studio ya Japani iliyoiunda gemu yenyewe. WWE ni kampuni ya mieleka ya Marekani, mwenye majina, mikanda na nembo za ulingoni. THQ ndiye mchapishaji, yaani aliyetoa mtaji, akailipa WWE ili apate leseni, kisha akazifikisha CD madukani duniani kote. Ukiuliza SmackDown ni mali ya nani, hupati jina moja, na ugumu wote unaanzia hapo.

THQ ilianzishwa mwaka 1990 huko Calabasas, California, na Jack Friedman, mfanyabiashara wa vitu vya kuchezea watoto ambaye kabla ya hapo alikuwa ameanzisha kampuni ya LJN. Herufi zake tatu zinatokana na maneno Toy Head-Quarters, makao makuu ya vitu vya kuchezea, ingawa haikuchukua miaka mingi kabla ya kampuni kuiacha kazi hiyo ikabaki na gemu peke yake. Mwaka 1995 Friedman aliondoka, akashiriki kuanzisha kampuni ya Jakks Pacific, na uongozi wa THQ ukashikwa na Brian Farrell. Tangu hapo tegemeo kubwa la kampuni lilikuwa majina ya kukodi: katuni za Nickelodeon, filamu za Pixar, na mieleka. Ilianza na mieleka ya WCW, kampuni ya Marekani iliyoshindana na WWE, na leseni hiyo ilipohamia Electronic Arts, THQ ikaungana na Jakks Pacific kuichukua leseni ya WWF, jina la WWE la wakati huo, iliyokuwa mikononi mwa Acclaim. Mwaka 2000 SmackDown ya kwanza ikatoka kwenye PlayStation ya kwanza. Jina la WWF lenyewe lilibadilika kuwa WWE mwaka 2002, baada ya kesi na shirika la kimataifa la hifadhi ya wanyamapori lililokuwa likitumia herufi zile zile.

Waliokulia Ngamiani, Kariakoo au Majengo hawahitaji kuelezwa kilichofuata. PS2 iliuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani, na zilizofika kwetu, nyingi zikipitia Dubai, ziliwekwa kwenye vibanda ambako watoto walipanga foleni na sarafu mkononi. Mchana walicheza mpira, na jioni, wakubwa waliposhika pedi, ilikuwa mieleka. Here Comes the Pain ya mwaka 2003, yenye Brock Lesnar, Undertaker, Kurt Angle na Rey Mysterio, naiona bado kuwa gemu bora ya mieleka kuliko zote zilizotoka, na sisemi hivyo kwa sababu ya kumbukumbu za utoto tu: mwendo wake ni wa haraka, mkono unaielewa ndani ya dakika tano, na watu wanne wanaweza kucheza pamoja bila kuelekezana.

Lakini biashara ya jina la kukodi ina hatari ambayo mteja haioni. Mwaka 2004 WWE iliwapeleka THQ na Jakks mahakamani kuhusu namna leseni ilivyopatikana, na mgogoro haukumalizika hadi mwaka 2009, ubia wa THQ na Jakks ulipovunjwa na THQ ikatia saini mkataba mpya wa miaka minane moja kwa moja na WWE. Kampuni ikaingia mwaka 2010 na mkataba mrefu mkononi, ila soko lake lilikuwa limeanza kuhama. Gemu za katuni, zilizokuwa zikiilisha miaka yote, zilikuwa zinapoteza wanunuzi, kwa sababu mtoto aliyekuwa akinunuliwa CD sasa alipewa simu ya mzazi wake.

Pigo kubwa lilikuwa kifaa kiitwacho uDraw, kibao cha kuchorea kinachounganishwa na mashine ya gemu. Mwaka 2010 kilitoka kwa ajili ya Wii na kikauzika vizuri, hivyo mwaka 2011 THQ ikatengeneza vingine kwa wingi kwa ajili ya PS3 na Xbox 360. Wenye mashine hizo hawakukitaka. Vibao takriban milioni 1.4 vilibaki bila mnunuzi, na pesa iliyokuwa imetengwa kwa gemu zijazo ikaozea kwenye maghala. Tarehe 19 Desemba 2012 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mpango wa kwanza ulikuwa kuiuza nzima kwa kampuni ya uwekezaji iitwayo Clearlake, lakini wadai walipinga, wakitaka kila kipande kinadiwe peke yake, na ndivyo ilivyokuwa.

Mnada ulifanyika Januari 2013. Sega ilichukua studio ya Relic kwa dola milioni 26.6. Koch Media ya Ujerumani ilichukua studio ya Volition pamoja na gemu za Saints Row kwa milioni 22.3, na gemu za Metro kwa takriban milioni 6. Ubisoft ilichukua studio ya Montreal na gemu ya South Park iliyokuwa bado jikoni. Crytek ilipata Homefront kwa takriban nusu milioni tu. Studio ya Vigil, iliyoiunda Darksiders, haikupata mnunuzi, na watu wake wakapoteza kazi. Miezi michache baadaye kampuni ya Nordic Games ilinunua sehemu kubwa ya yaliyobaki, ikiwemo Darksiders na Red Faction, kwa dola milioni 4.9.

Mieleka haikuwa mali ya THQ ya kunadi namna hiyo, kwa kuwa majina yalikuwa ya WWE tangu mwanzo. Leseni ya michezo mipya ilikwenda kwa Take-Two, mchapishaji mwenye chapa ya 2K, na Yuke's wakaendelea na kazi ile ile chini ya bwana mpya. Ndiyo maana tangu mwaka 2013 gemu hizo zinaitwa WWE 2K. Matoleo ya zamani yakabaki yamening'inia. Ili Here Comes the Pain iuzwe tena kihalali, ingebidi wenye haki za programu wakubaliane upya na WWE, na suala la sura za wanamieleka litazamwe mmoja mmoja, wakiwemo walioacha kazi hiyo na waliofariki. Hadi leo haimo katika duka la PlayStation, na yeyote anayekuuzia toleo lake la PS4 au PS5 anakuuzia kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa.

Wapo wateja wanaotuonyesha nembo ya THQ kwenye gemu mpya na kusema kampuni imefufuka. Nordic Games ililinunua jina hilo mwaka 2014, na mwaka 2016 ikajiita THQ Nordic. Kampuni yake mama, iliyoko Sweden na inayoitwa Embracer Group tangu mwaka 2019, iliinunua pia Koch Media mwaka 2018, kwa hiyo Saints Row na Metro zilirudi chini ya paa moja na jina la zamani. Kwenye majina ya WWE, hata hivyo, haina haki yoyote. Nembo ni ile, wenyewe ni wengine.

Kwa hiyo CD uliyo nayo ndiyo gemu yenyewe, na kazi yetu ni kukusaidia iendelee kusoma. SmackDown mbili za kwanza ni za PlayStation ya kwanza, zenye mgongo mweusi. Hizo PS2 huzisoma, na PS3 pia huzisoma. Here Comes the Pain ni DVD, na mahali pake salama ni PS2, kwa kuwa PS3 chache tu za mwanzo ndizo zilizoweza kucheza gemu za PS2, na PS4 na PS5 haziwezi kabisa kuicheza diski hiyo. Angalia pia kwamba CD halisi iliyonunuliwa Marekani haikubaliwi na PS2 za soko letu na la Ghuba ambazo hazijachipuliwa, yaani hazijawekewa chipu ya kuondoa kizuizi cha eneo.

Mikwaruzo midogo ya upande unaong'aa tunaisugua kwa mashine, na mara nyingi CD hurudi kazini. Upande wa picha ndio wa kuogopwa zaidi kwenye CD za mgongo mweusi, kwa sababu data yake imekaa chini tu ya rangi, na pakichubuka hapo hatuna la kufanya. DVD ina data katikati ya tabaka mbili za plastiki, hivyo huvumilia zaidi. Ukifuta, tumia kitambaa laini na ufute kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

Ikiwa PS2 yako inachelewa kusoma au inatoa mlio wa kukwaruza, mara nyingi ni vumbi kwenye lenzi au lenzi iliyochoka. Tunasafisha kwanza, na tunabadilisha pale tu usafi usipotosha. Mletee fundi pamoja na CD yako na memori kadi, ili ajaribu kwa gemu ile ile unayoicheza na anakili wachezaji uliowaunda kabla hajaigusa mashine.