Makumbusho ya sanaa ya pwani yaanzie paani

Mhariri,

Kila inapozungumzwa haja ya Dar es Salaam kuwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa, mjadala huishia kwenye sura ya mbele ya jengo. Tunaomba uanzie paani.

Ulaya, vioo vya paa la makumbusho huelekezwa kaskazini kwa kuwa jua la adhuhuri huko halifiki upande huo. Mchoro huo ukinakiliwa hapa, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, ni hasara: tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua letu la adhuhuri liko kaskazini. Vioo vyetu vitazame kusini. Jua la Desemba huwa juu sana upande huo, kama nyuzi 73, hivyo kioo cha kimo cha mita 1 hukingwa adhuhuri na ukingo uliochomoza juu yake kwa sentimita 30 tu. Asubuhi na jioni jua huingia kwa mshazari, kwa hiyo ziongezwe mbavu za wima za kulikinga.

Wasanifu wetu waisome Menil Collection, makumbusho ya sanaa ya Houston, Marekani, mji wa joto na unyevu kama wetu. Mwaka 1987 msanifu majengo Renzo Piano alitundika chini ya vioo vya paa “majani” 300 ya saruji yenye wavu wa chuma, yanayourudisha mwanga juu kabla haujashuka ukumbini. Mwanga unaoangukia kazi za karatasi na vitambaa usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Jua la nje hufika 100,000.

Unyevu ndio adui mkubwa zaidi. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ambayo ikinyonya unyevu huvimba na kupinda. Mpingo wa vinyago vya Wamakonde, kinyume chake, hupasuka ukikaushwa ghafla. Basi kuwasha viyoyozi mchana, hewa ikakauka, na kuvizima usiku, ikalowa tena, ni kuziumiza kazi zote mbili kila siku. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi nacho hupoza chumba upesi, kikajizima kabla hakijakamua maji hewani, na ukungu ukaota nyuma ya picha. Iwepo mashine ya peke yake ya kukausha hewa, ifanye kazi saa 24, unyevu ubaki kati ya asilimia 45 na 60. Umeme ukikatika, jenereta iihudumie mashine hiyo kwanza, taa zifuate.

Picha ziachiwe pengo la sentimita 2 kutoka ukutani. Na bomba lolote la maji, hata la kiyoyozi, lisipite juu ya kumbi za maonyesho.

Wasanifu majengo,
Dar es Salaam