Supavaiza afundishwe kabla ya kupewa watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Makampuni yetu makubwa, mabenki, mitandao ya simu, viwanda, kila mwaka yanapeleka mameneja wa juu semina za uongozi hotelini, wanarudi na vyeti, sawa, sina ugomvi na hilo. Ila anayekaa na wafanyakazi kutwa nzima ni supavaiza na meneja wa tawi, na huyo hapelekwi popote.

Mimi mwaka 2016 nilikua naongoza kwa mauzo kwenye tawi letu, Jumatatu moja nikaitwa ofisini nikapewa barua, kuanzia siku hiyo nina watu 11 chini yangu. Hakuna aliyekaa na mimi hata nusu saa kuniambia mtu anaongozwa vipi. Waliangalia najua kuuza wakaona basi inatosha.

Mwaka uliofuata ikaja sistimu mpya, kazi zote za makaratasi zikahamia kwenye kompyuta. Tulikua na mzee mmoja, miaka 22 kazini, wateja wakiingia wanamuulizia yeye, ila kwenye ile sistimu alikua anakwama. Sasa mimi badala ya kumuita pembeni nikamuandika kwenye grupu la WhatsApp la kazini, saa nne usiku, mbele ya vijana wa kuwazaa, kwamba anaturudisha nyuma. Alisoma, hakujibu. Asubuhi akaja akanisalimia kama kawaida akakaa mezani kwake, na baada ya miezi miwili akaomba kustaafu mapema. Ile salamu yake naikumbuka mpaka leo na inaniumiza. Yule mzee alikua anajua mteja gani anahangaika kweli na yupi anazungusha tu, vitu ambavyo sistimu haikua navyo, ilitakiwa nimkalishe na kijana mmoja, huyu amuelekeze kompyuta na yeye amuelekeze wateja. Siku hizi naliona wazi kabisa, siku ile sikuliona.

Na sio teknolojia peke yake, watu wenyewe wamebadilika. Kijana wa siku hizi ukimpa kazi anakuuliza kwanini tunafanya hivi, mimi nikawa naona kiburi kumbe anataka kuelewa. Kuna dada alirudi kutoka uzazi akawa anaondoka mchana kwenda kunyonyesha, nikaanza kuandaa barua ya onyo, mpaka mwenzangu mmoja akanionyesha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mbali na zile siku 84 za likizo, inampa mama mpaka masaa mawili kwa siku kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Yaani nilikua nakaribia kumuadhibu mtu kwa haki yake, na barua ingetoka na jina la kampuni.

Wapo watakaosema supavaiza kazi yake ni kusimamia tu, mawazo makubwa yanatoka juu. Hapana. Angalieni M-Pesa ilivyoanza kule Kenya. Majaribio ya 2005 yalikua ya kurejesha mikopo midogo tu, wateja kama 500 hivi, Nairobi na Thika. Wateja wakaanza kuitumia wanavyojua wenyewe, mtu anaweka hela huku anaenda kuitolea kule ili asisafiri na fedha mfukoni, mfanyabiashara anaiweka usiku kwa usalama maana benki imeshafungwa. Waliokua wanasimamia majaribio walikua karibu na mawakala na wateja, wakayaona hayo, na hawakugomba kwamba watu wanakosea matumizi. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutumiana pesa, na 2008 ikafika huku kwetu. Sasa jiulize, kitu kama hicho kikitokea kwenye kaunta zetu leo nani atakiona wa kwanza? Ni mhudumu, halafu supavaiza wake. Kama supavaiza kazoea kufoka chini na kuogopa juu, habari inaishia hapo hapo mezani.

Ninachoomba sio kikubwa. Mtu akitajwa kupanda cheo, miezi mitatu kabla akae chini ya meneja anayejulikana kwa kulea watu vizuri, apewe maamuzi madogo ya kweli, kupanga zamu, kumaliza malalamiko ya mteja bila kupiga simu makao makuu, aisome sheria ya kazi, afundishwe kumsema mtu bila kumdhalilisha. Na wale anaowaongoza waulizwe habari zake, sio bosi wake peke yake.

Kwenye timu yangu ya sasa kuna binti naona ataongoza, nimemuachia zamu za mwezi huu azipange yeye. Amekosea mara mbili, tumekaa, karekebisha mwenyewe. Hilo nalifanya kwa utashi wangu, kwenye fomu za tathmini za kampuni hamna hata mstari mmoja wa kitu kama hicho, siku nikihamishwa tawi hakuna atakayeendelea nae. Watu wa HR mnaosoma gazeti hili, wekeni huo mstari.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam