Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Damu iliyobandikwa jina la asiyeihitaji

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima nakusalimu. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika benki ya damu ya hospitali moja ya mkoa. Siitaji jina, maana sikuandikii kuishtaki.

Usiku mmoja aliletwa mama ambaye mimba ilitunga nje ya kizazi na mrija ukapasuka. Kundi lake O. Kwenye jokofu kulikuwa na chupa nne za kundi hilo, zote zina majina: mbili za mzee wa ngiri, mbili za dada aliyesubiri kutolewa kivimbe cha titi. Ikabidi nimtafute daktari aliyeziagiza aniruhusu kuzibandua, kisha nianze upya kuzioanisha na damu ya mama yule, yaani kupima kama zinapatana. Alipona. Lakini dakika nilizokaa na simu sikioni, huku muuguzi amesimama mlangoni ananitazama, bado zinaniuma. Kesho yake wale wawili walifanyiwa upasuaji wao, na hakuna aliyehitaji hata tone.

Tunaagiza damu kwa mazoea. Fomu huja imejazwa "chupa mbili", iwe ni ngiri au kizazi chenye uvimbe mkubwa. Ndugu nao huambiwa walete watu wawili wa kuchangia, la sivyo tarehe inasogezwa.

Njia ya kubashiri nani ataongezewa damu inajulikana tangu miaka ya 1970, wala haihitaji kompyuta. Unafungua daftari la benki ya damu, na kwa kila aina ya upasuaji unahesabu chupa zilizooanishwa na chupa zilizotumika kweli. Ukigawanya za kwanza kwa za pili ukapata zaidi ya 2.5, mnaagiza kupita kiasi. Tuseme kwa ngiri zilioanishwa chupa 60 zikatumika 2: jibu ni 30. Mgonjwa wa namna hiyo inatosha apimwe kundi na kingamwili zinazoweza kuikataa damu ya mwingine, na chupa zibaki akiba ya wote.

Daftari peke yake halitoshi, kwa sababu operesheni ni ileile lakini miili si ileile. Mama mwenye wingi wa damu 8 (gramu za himoglobini kwa desilita) na mwenye 12 wakitolewa uvimbe wa kizazi ulio sawa, wa kwanza ndiye wa kuwekewa chupa. Mjamzito ambaye kondo limeziba mlango wa kizazi, tena ana kovu la upasuaji wa uzazi uliopita, anajulikana tangu kliniki. Huyo damu yake iwe tayari kabla hajafika thieta.

Na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Yule mwenye 8 anapewa tarehe ya wiki sita mbele, anarudishwa nyumbani mikono mitupu. Wiki sita za vidonge vya madini chuma, na za kutafuta kwa nini damu yake imepungua, zingeweza kumfikisha mezani akiwa hahitaji chupa ya mtu. Mkutano wa Afya Duniani wa mwaka 2010 ulizihimiza nchi kufuata njia hii. Sisi tunampima jioni ya kuamkia upasuaji, tukishtuka tunakimbilia jokofu.

Chupa ya damu nzima hukaa siku 35 tu. Kila usiku inaolala na jina la asiyeihitaji unakatwa humo.

Mheshimiwa, naomba uagize kila hospitali ya mkoa ihesabu daftari lake la miezi 12 iliyopita, na Mpango wa Taifa wa Damu Salama utoe fomu moja ya hesabu hiyo. Wingi wa damu upimwe siku mgonjwa anapopewa tarehe. Sharti la kuleta wachangiaji liondolewe kwa kila upasuaji ambao daftari linaonyesha hauli damu. Hayo hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji amri yako, na madaktari wa upasuaji, wa usingizi na sisi wa maabara kuketi meza moja.

Daftari la kwetu nimeanza kulihesabu mwenyewe baada ya zamu, kwa kalamu na kikokotoo. Nimefika mwezi Machi. Ukimtuma mtu, nitamwonyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtaalamu wa maabara, benki ya damu