Kabla ya kuilaumu petroli, pima valvu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba petroli isiyo na risasi imeiua Ford Anglia ya marehemu babake, na kwamba wenye magari ya zamani wangeachiwa walau pampu moja ya mafuta ya kale yenye risasi. Namwelewa. Nami nina kikongwe nyumbani, Morris Minor 1000 ya cc 1098 niliyoachiwa na ami yangu, na maneno hayo hayo niliyasema barazani miaka mingi, tena kwa sauti kuliko yake. Nilipatia nusu, nusu nikakosea.

Nusu niliyopatia ni hii. Magari yale ya Kiingereza yana hedi, yaani kichwa cha injini, ya chuma cha kusubu, na siti ya valvu, yaani mahali inapokalia valvu ikijifunga, imechongwa katika chuma hicho hicho. Valvu ya moshi, ule mlango mdogo wa kutolea moshi kwenye silinda, hufanya kazi ikiwa nyekundu kwa moto, ikijipiga kwenye siti maelfu ya mara kila dakika. Risasi iliyoungua ilikuwa ikiacha utando mwembamba pale, chuma kisigusane na chuma. Utando ukishaisha, valvu na siti hunatana kama vilivyochomelewa, na kila zikiachana hunyofoana chembe. Polepole valvu inazama ndani ya hedi.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba ugonjwa huu hauna kelele. Valvu inapozama, ncha yake ya juu inapanda, na ule upenyo mdogo kati yake na roka, mkono unaoisukuma ifunguke, unazibika. Ile milio ya tapeti, inayotoka kwenye upenyo huo, inaacha kusikika. Fundi wangu wa zamani aliinamisha sikio akasifu: "Injini imetulia kama cherehani." Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwezi haukwisha, gari likaanza kumisi asubuhi, silinda moja haichomi, likakosa nguvu, na tulipofungua hedi valvu ya silinda ya nne ilikuwa imeungua ukingoni kama chapati iliyosahauliwa. Ilikuwa haifungi tena. Fundi akalaumu petroli, akaniuzia chupa ya dawa ya kutia kwenye tangi badala ya risasi. Nikanunua nyingine, na nyingine.

Nusu niliyokosea ni kugonga kwa injini. Nikipanda mlima wa Mazeras, nje ya Mombasa, nimepakia watu wanne, injini ilikuwa ikigonga kama kokoto ndani ya mkebe, nami nikasema hiyo ndiyo kazi ya petroli mpya. Sivyo. Kugonga ni habari ya okteni, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati, na taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, na siti za valvu ni habari nyingine kabisa. Risasi ilitiwa kwenye petroli ili kuzuia kugonga. Kuzilinda siti ilikuwa bahati tu. Siku hizi okteni inapatikana kwa njia nyingine huko huko kwenye mitambo ya kusafishia mafuta. Ukitoka kwenye pampu fulani na gari linagonga, jiulize kwanza kama hujauziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mnakumbuka mwaka 2018 hapa Kenya mafuta ya taa yalipoongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Sababu ilikuwa uchanganyaji huo. Mimi nilibadilisha kituo, nikazungusha distribyuta, kifaa kinachogawa cheche, kidogo sana kurudisha taimingi nyuma, kelele zikaisha.

Pampu ya mafuta ya kale hairudi, na isirudi. Dawa ile ya risasi iligunduliwa na Thomas Midgley wa General Motors mwaka 1921, na kufikia 1924 wafanyakazi watano walikuwa wamekufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey kwa kuivuta. Walioiuza waliiita Ethyl. Neno risasi hawakulitaja. Nchi zetu zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na tangu Januari 2006 Afrika kusini mwa Sahara haiuzi tena petroli hiyo. Algeria ilimalizia mwaka 2021, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililoko Gigiri, Nairobi, likakadiria kwamba vifo zaidi ya milioni 1.2 vinaepukwa kila mwaka. Risasi inaharibu akili za watoto. Morris yangu naipenda, lakini si kiasi hicho.

Basi afanye nini mwenye gari? Kwanza ajue hedi yake ni ya nini. Peugeot 504 na Volkswagen kobe zina hedi za aluminiamu, na siti zake zilipachikwa tangu kiwandani kwa kuwa aluminiamu haistahimili kipigo kile. Mwenye gari la namna hiyo anayenunua chupa za dawa anamlisha muuza duka tu.

Ikiwa ni ya chuma, apime. Kwenye Morris upenyo ni inchi 0.012 injini ikiwa baridi, na hesabu yake ni rahisi: valvu ni nane, basi ile unayoipima na ile iliyofunguka kabisa lazima zijumlike tisa. Ya nane ikiwa chini, yaani imefunguka, unapima ya kwanza. Andika namba kwenye daftari, rudia baada ya maili elfu moja. Gari la kwenda sokoni na kurudi linaweza kukaa miaka bila namba hizo kusogea, maana siti huliwa zaidi kwa mwendo mkali na mzigo wa muda mrefu. Langu lilianza kuliwa nilipoanza kwenda nalo Voi kila wiki, safari ndefu ya barabara kuu.

Namba zikipungua safari baada ya safari, peleka hedi kwa fundi mwenye mashine achonge siti nne za moshi na kupachika pete za chuma kigumu. Zile za valvu za kuingizia petroli hupozwa na petroli yenyewe, hazina neno. Kazi hiyo nilifanyiwa mara moja, na nilipopiga hesabu, chupa nilizonunua zingeilipia zote na nauli ya Voi juu.

Msomaji mwenzangu anasema ataiuza Anglia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kabla hajafanya hivyo, afungue kifuniko cha roka, apime kama kitabu cha gari lake kinavyosema. Akikuta upenyo uko sawa, aniuzie mimi.

Mwenye Morris,
Mombasa