Orodha za fahali wa maziwa zitufikie zikiwa bado mpya

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo linalotuumiza sisi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Malindi, nalo ni ukongwe wa taarifa tunazopewa tunaponunua mbegu za fahali.

Mwaka 2019 nilimpandisha mtamba wangu, chotara wa Ayrshire na Sahiwal, kwa mbegu ya fahali wa Friesian wa kutoka ng'ambo ambaye muuzaji alimsifu sana kwa maziwa. Karatasi aliyonionyesha ilijaa tarakimu, lakini haikuwa na tarehe. Ndama alizaliwa kwa taabu kubwa, tukamvuta watu watatu, na alipokuja kuzaa mwenyewe mwaka 2022 maziwa yake hayakuyafikia ya mama yake. Najua kwamba binti mmoja hatoshi kumhukumu fahali, kwa maana lishe na maradhi nayo yana sehemu yake. Lililonichoma ni kwamba daktari wa mifugo aliponitafutia orodha mpya, nilikuta fahali yule alikwisha kushushwa daraja kabla sijatoa fedha zangu.

Fahali hakamwi, kwa hiyo thamani yake hutafutwa kwa jamaa zake, na zaidi kwa binti zake. Zamani ilibidi fahali akue atoe mbegu, mimba ikae miezi tisa, binti akue kwa miaka miwili na zaidi hadi azae, kisha apimwe maziwa kwa siku zipatazo 305 na kulinganishwa na wenzake wa zizi moja waliozaa msimu mmoja. Jibu lilipopatikana, fahali alikuwa na umri wa miaka mitano au sita. Tangu Marekani ianze mwaka 2009 kutoa rasmi tathmini za vinasaba, fahali mchanga hupimwa kwa sampuli ya nywele au damu, na uhakika wa makadirio ya maziwa yake hufika karibu asilimia 70 kabla hajapata binti hata mmoja. Hayo ni maendeleo makubwa, nami nayafurahia kwa dhati. Lakini kasi hiyo ndiyo inayozeesha karatasi upesi: tathmini za kule hutolewa upya kila Aprili, Agosti na Desemba, hivyo orodha ya miaka miwili iliyopita imekwisha kupitwa mara sita. Zaidi ya hayo, kila baada ya miaka 5 kipimo chenyewe huanzishwa upya, yaani sifuri yake husogezwa kwenye wastani wa ng'ombe wa karibuni, kama ilivyofanyika Aprili 2025, na fahali aliyeonekana juu kwa kipimo cha zamani huweza kuonekana wa kawaida kwa kipimo kipya. Mfugaji anayelinganisha karatasi mbili za vipimo viwili analinganisha pishi na kibaba bila kujua.

Kuna na upande wa pili, ambao kwangu ni mzito kuliko huo. Binti wa fahali hao hukamwa katika nchi za baridi, wakila nafaka kwa wingi. Wa kwetu hula matete na majani makavu ya mahindi. Mwezi wa Februari huhema mchana kutwa bila kugusa chakula, na kupe wakileta ndigana kali hatuna hakika ya kumwona mnyama akipona. Fahali wa kwanza huko anaweza kuwa wa kumi hapa, au yule wa kumi akawa ndiye anayetufaa. Hilo litajulikana tu ikiwa maziwa ya ng'ombe wa Malindi, Mpeketoni na Witu yatapimwa na kuandikwa pamoja na jina la baba wa kila ng'ombe, kisha kumbukumbu hizo zipelekwe zinakofanyiwa hesabu mapema, si baada ya ng'ombe kuuzwa kwa mchinjaji.

Ninaloliomba serikali ya kaunti na wote wanaouza mbegu ni kwamba kila orodha ya fahali iandikwe tarehe ya tathmini na kiwango cha uhakika wake, na mpandishaji asiruhusiwe kutembea na orodha iliyopitwa. Wepesi wa kuzaa pia uelezwe waziwazi, kwa sababu wengi wetu tunapandisha mitamba wenye miili midogo. Kaunti nayo iajiri wapimaji wa maziwa wa kuzungukia mazizi kila mwezi.

Mimi ninalo daftari la lita za kila ng'ombe wangu, asubuhi na jioni, tangu mwaka 2020, pamoja na baba wa kila mmoja. Naomba ofisi inayohusika inijibu kupitia gazeti hili: nilipeleke wapi?

Mfugaji,
Kakuyuni, Malindi