Gesi ya kiyoyozi haipotei

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu gesi mpya za viyoyozi vya magari imesema kwamba zikivuja hupotea hewani baada ya siku chache. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi kwa miaka 22 sasa, na hilo neno "hupotea" limenikwama kooni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa akifungua valvu na kuiachia gesi yote nje. Fyuuu, mpira wa geji unaota barafu, kisha kimya. "Imekwenda hiyo," anasema, nasi tunaendelea kuchomelea. Sikuwahi kuuliza imekwenda wapi.

Gesi ya 134a, iliyotangulia hizo mpya kwenye viyoyozi vya magari, haina klorini, kwa hiyo haili ozoni. Ndiyo maana ilishika soko baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni. Lakini hukaa angani takriban miaka 14, na katika kipimo cha miaka 100 kilo yake moja hunasa joto kuliko kilo 1,000 za kaboni dioksidi. Kinachoivunja ni hidroksili, kijichembe cha oksijeni moja na hidrojeni moja, kina njaa ajabu. Huipokonya gesi hidrojeni moja na kugeuka maji, kisha oksijeni ya hewani humalizia kilichojeruhiwa. Sehemu ya mabaki, kati ya asilimia 7 na 20, huingia kwenye maji ya mawingu, ikawa asidi ya trifluoroasetiki na kushuka na mvua.

Hiyo mpya, 1234yf, kaboni zake mbili zimeshikana kwa mikono miwili, na hapo ndipo hidroksili hurukia. Haimalizi wiki mbili. Kwa upande wa joto la dunia ni nafuu kubwa, sibishi. Ila karibu yote huishia kuwa asidi ileile, na asidi hiyo haiozi kirahisi. Hufuata maji yaendako, na kwenye ziwa lisilo na mto wa kutokea, maji huwa mvuke, yenyewe ikabaki.

Basi mkiandika tena siku za gesi kuishi, andikeni na inachogeuka kuwa. Jana mwanafunzi wangu aliniuliza kwa nini tunakaa nusu saa tukiivuta gesi kwa mashine kuirudisha mtungini, wakati ingepotea yenyewe. Mkononi alikuwa na gazeti lenu.

Fundi wa friji na viyoyozi