Pesa ya Tuisheni ya Time, na Pishi ya Ami

Leicester, Uingereza

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mie mwanao mzima, Alhamdulillahi, na naomba barua hii ikukuteni na nyinyi nyote hapo Pemba, kwetu Mtambwe, mkiwa wazima. Baridi ipo, koti ninalo, kazi inakwenda. Hayo yamekwisha.

Pesa nimeituma kwa simu ya Kaka Juma. Kwa simu ya Ami sitatuma tena, na sababu unaijua. Nitaifikia huko chini. Humo mna ya tuisheni ya Time mpaka mtihani wa Novemba, na mna ya rimu ya karatasi waliyotakiwa waipeleke skuli kwa ajili ya mitihani ya majaribio. Inayobaki ni yako mwenyewe, mama. Usimkopeshe mtu.

Time ndiye atakayekusomea, najua, kwa hiyo hapa katikati nazungumza na yeye. Wewe sikiliza tu, yako yanakuja.

Time mdogo wangu, picha ya karatasi yako ya mtihani nimeipata. Nimeikuza kwenye simu mpaka nikaliona na lile doa la chai pale pembeni. Kwenye insha mwalimu kakupigia mistari myekundu pahala pane: “two advices”, “many informations”, “new furnitures” na “the news are good”. Na naambiwa Ami aliichukua karatasi ile akatoka nayo barazani, akasema mbele ya watu kuwa mtoto kafika kidato cha nne na hajui kuhesabu kwa Kiingereza, basi tuisheni ya nini, bora pesa hiyo yanunuliwe majamvi ya kuanikia. Neno hilo limenikaa rohoni wiki nzima. Kukusema mbele ya watu kwa jambo asilolijua yeye mwenyewe!

Kuhesabu unajua. Umehesabu vile vile tunavyohesabu sisi, shauri moja, mashauri mawili, habari mbili, na mtu akinunua makochi kwetu tunayahesabu moja moja. Hapa jikoni nina mwenzangu mmoja mama wa Kikongo, kasoma kwa Kifaransa, na kaniambia kwa Kifaransa ukisema “informations” hakuna mwalimu atakayekugusa. Kwa hiyo usiingie unyonge kuwa akili yako ndogo. Hii ni desturi ya Kiingereza tu. Wao wameyachukua majina kadhaa, advice, information, furniture, luggage, equipment, homework, wakayatia kundi moja na maji na mchanga: hayahesabiki yenyewe, mpaka kwanza uyatilie kipimo.

Na kipimo wewe umezaliwa nacho. Nenda soko la Wete usikilize. Nani anasema nipe dagaa mia mbili? Anataka fungu. Samaki kwa mtungo, mchicha kwa kicha, ndizi kwa chane au mkungu mzima, embe kwa pakacha, kanga kwa doti, boriti kwa korija, na korija moja ni boriti 20. Bibi, Mungu amrehemu, akitaka chumvi alikuwa akisema lete konzi moja. Mchele wa uji, ukufi. Maji ni tone, au funda, au kata. Wali ni punje, na ukishafika mkononi ni tonge. Na kila kitu kina chake, hakipokei cha mwenziwe. Ukienda gengeni ukasema nipe mtungo wa mchicha, hata mtoto mdogo atageuka akuangalie. Waingereza nao wako hivyo hivyo, na hilo ndilo nililotaka ulijue kabla hujakaa chini kukariri.

Chukua mkate. Sisi tukisema boflo mbili tumemaliza. Wao bread haihesabiki, wanasema two loaves of bread. Ukiukata, kile kipande chembamba ni a slice. Kinachopukutika juu ya meza ni crumbs. Mkate mkubwa wa dukani huku ni gramu 800, mdogo ni 400, na wote ni a loaf. Sabuni ni a bar, na chokoleti pia ni a bar. Karatasi moja ni a sheet of paper, na karatasi 500 ni a ream. Ream ndiyo hiyo rimu mnayoidaiwa skuli, na asili yake ni Kiarabu, rizma, yaani mtumba uliofungwa. Imepita Uhispania na Ufaransa mpaka ikafika kwa Waingereza. Mchele ni a grain. Chumvi unayoishika kwa ncha za vidole ni a pinch. Siagi ile unayoidondosha kikaangoni ni a knob. Nywele za kichwa zote pamoja ni hair, hazihesabiki, ila ukiuona unywele mmoja juu ya sahani, huo ni a hair.

Yale yasiyoshikika kwa mkono ndiyo yaliyokukata alama. Kwa hayo shika piece: a piece of advice, two pieces of information, a piece of furniture, a piece of news. Ukikwama kwenye mtihani, piece litakuvusha kwingi, lakini si kwenye maji wala maziwa. Huko tafuta chombo, a glass, a bottle, a bucket. News ina s mwishoni na inahadaa watu wengi. Wewe andika the news is good, basi.

Money nayo imo humo humo. Money haihesabiki, shilingi na paundi ndizo zinazohesabika: how much money, lakini how many shillings. Na hapo nyumbani wapo wanaodhani yangu ndiyo isiyo hesabu. Wallahi kila paundi yangu ina kazi yake kabla haijaingia mkononi.

Kuna moja jingine, hili lishike kwa mikono miwili, maana kwenye mtihani wanalipenda. “There is little water in the tank” na “there is a little water in the tank”. Kwa Kiswahili utasema zote mbili maji kidogo. Lakini ya kwanza ni mtu analalamika, tangi limekauka, chukueni ndoo mwende kisimani. Ya pili ni mtu anakutoa wasiwasi: yapo, udhu utapata. Hako ka-a kamoja tu. Few na a few nazo zinakwenda njia hiyo, ila hizo ni za vinavyohesabika. Na utakapopunguza kitu, unga ni less flour, mayai ni fewer eggs. Waingereza wenyewe humu jikoni hili la mwisho wanalivuruga kila siku, mie silivurugi.

Na msione kama nasema maneno matupu. Nimefaulu mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha pili, cheti nimekitia fremu kiko ukutani, na baada ya hapo nimekabidhiwa stoo ya jiko zima. Skuli yenyewe ya watoto wadogo, wanakula mamia kwa mamia kila mchana, na hakuna kinachoingia humo bila ya mwandiko wangu. Maziwa hapa bado yanakwenda kwa painti, na painti ya Uingereza ni mililita 568, basi ile chupa ya painti nne ni lita mbili na robo na kitu. Msichana aliyezaliwa mji huu huu alikuja kuniuliza mie, mtoto wa Mtambwe, kama aandike amount of potatoes au number of potatoes. Nikamwambia number, viazi unavihesabu. Akaandika. Mama, siku ile nilitamani marehemu baba angekuwepo.

Time, kabla sijakuachia, neno clove uliangalie vizuri, maana wewe ni mtoto wa karafuu. Clove ni karafuu, hilo unalijua. Wafaransa waliifananisha na msumari, clou, na Waingereza wakalichukua. Lakini a clove of garlic ni punje moja ya thomu, na neno hilo limetoka kwengine kabisa, kwenye Kiingereza chao cha kale, asili yake kupasua. Yamekutana tu sura. Ukisoma maelezo ya mapishi yanasema three cloves, tazama kwanza za nini, usije ukatia karafuu tatu pahala pa thomu.

Karafuu nazinunua hapa Belgrave Road, kwa Wahindi. Wengi wao walitoka kwetu Afrika Mashariki, wengine ni wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na wazee wao Kiswahili wanakijua vizuri. Zinauzwa ndani ya kichupa, hata konzi moja hazifiki. Juzi nilifungua kifuniko pale pale dukani nikanusa. Harufu ipo, lakini si ile ya jioni pale uwanjani kwetu, majamvi yametandwa mpaka njiani, makonyo yako upande, na wingu limefunga kule juu ya Ole kila mtu anakimbilia kuanua. Nilisimama mpaka yule mzee akaniuliza, “Mwanangu, umepoteza kitu?”

Sasa mama, hapa nisikilize.

Mapishi ya huku hayasemi kijiko tu. Spoonful peke yake wameona haitoshi, inaleta ugomvi, basi wanaandika a level teaspoon au a heaped teaspoon. Level ndiyo mfuto wetu, sawa na mdomo wa chombo, heaped ndiyo tele, yenye kilima juu. Nilipoliona hilo mara ya kwanza sikuufikiria unga wala sukari, niliifikiria pishi ya Ami, kile chombo chake cha kupimia karafuu.

Mchumaji akimletea karafuu, Ami anapima tele. Anamimina mpaka zinafanya kilima, zinamwagika jamvini, na zilizomwagika harudishi kwa mchumaji, zinabaki jamvini kwake. Pishi moja, malipo ya pishi moja. Lakini likija fungu la marehemu baba katika shamba la babu, fungu lenu nyinyi, na fungu la shangazi, anapima mfuto. Nimemuona kwa macho yangu: ana ule upapi wa ubao alioung'oa kwenye kasha, anaupitisha juu ya mdomo wa pishi mara ya kwanza, kisha anaupitisha tena, na ile karafuu moja iliyosimama kwa kichwa anaipiga kwa kidole mpaka ianguke. Akiulizwa anasema, kila mtu nimempimia kwa pishi moja, chombo hiki hapa, kiangalieni. Na chombo ni hicho hicho kweli. Miaka yote hiyo hamkuweza kumshika kwa sababu mlikuwa mnalisema neno pishi peke yake, na mkilisema peke yake yeye ndiye anayechagua ujazo. Mwenye kuchukua kwa kujaza na kutoa kwa kupunja kateremshiwa sura nzima, na Suratul Mutaffifin Ami kaihifadhi kabla sijazaliwa.

Mie sitaki ugomvi, ni ndugu wa baba na ametulea. Nataka haki yako. Kwa hiyo kabla msimu haujaanza, mwende kwa sheha, wewe na shangazi na Kaka Juma, muandikishe karatasi. Iandikwe kuwa wachumaji watapimiwa mfuto na wenye mafungu watapimiwa mfuto, wote sawa. Na bora zaidi mafungu yagawiwe karafuu zikishakauka, kwa mizani, kilo kwa kilo, kwani ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wenyewe hawanunui kwa pishi, wananunua kwa kilo. Mizani nitainunua mie. Kaka Juma aulize bei Chake Chake na aniletee jibu la kweli, si la kukisia.

Na Ami mumwambie kuwa pesa ya tuisheni imeshalipwa na haimhusu. Mumwambie kwa adabu. Karatasi ya Time airudishe, nataka niione imo ndani ya daftari lake.

Time, kazi yako ni hii. Ingia jikoni mwa mama, uniandikie kwa Kiingereza ukurasa mmoja wa vilivyomo, mchele, mafuta, chumvi, sabuni, mkate, karafuu, kila kimoja na kipimo chake, piga picha unitumie. Nitakurudishia nimesahihisha kwa wino mwekundu, na nitakutilia alama. Ukipata zote, kanga uliyoniomba, doti nzima, itakuja na yule jirani anayerudi Unguja baada ya Ramadhani.

Nisalimie shangazi, Kaka Juma na mkewe, na Bi Asha wa mlango wa pili, mwambie dawa yake ya miguu sijaisahau. Na Ami pia nisalimie.

Wassalaam, ndimi mwanao,
Maryam